Ukoko

Chuma cha kwanza kilinikataa.
Au mimi ndiye niliyekikataa, sijui nani alianza.
Miezi kumi na minne tulilala kitanda kimoja,
kila mmoja kampa mwenzake mgongo,
na asubuhi za Juni, ukungu umeikalia Mbalizi,
kilitangulia kuamka, kikanigonga nyonga kwa ndani
kama mgeni anayedai nauli ya kurudi kwao.

Daktari Lusekelo akakitoa.
Baadaye akaniletea kwenye sahani: safi, kinang'aa,
hakuna hata chembe ya mfupa iliyokishika.
"Kilivyoingia ndivyo kilivyotoka," akasema.
Niliona aibu,
kama mtu aliyekaa na mgeni mwaka mzima
asimpe hata uji.

Cha pili hakikung'aa.
Cheupe, kikavu, kinakwaruza kidogo ukikipapasa.
Kiliogeshwa siku saba, akaniambia,
katika maji yenye chumvi zilezile za damu,
joto lilelile la damu,
ila wekundu tu ndio haumo.
Hakuna aliyekipaka kitu. Madini yalijishukia yenyewe,
chembe juu ya chembe,
kama mfupa wa mtoto unavyokazana gizani.

Nikacheka mpaka nyonga ikanionya.
Daktari, mimi ni mchoma chokaa wa Songwe!
Maji hayo nayajua miaka thelathini:
yanatoka chini ya mwamba yakifuka moshi,
na kijiti kikianguka humo wakati wa kupalilia,
ukirudi wakati wa mavuno kimevaa koti la jiwe.
Nimewahi kuokota unyoya wa kanga
uliogeuka jiwe bila kusahau kwamba ni unyoya.
"Hii si chokaa hasa," akasema, "ni binamu yake."
Sawa. Binamu hakosi pa kulala.

Mwaka wa pili sasa.
Kwenye picha ya eksirei alitafuta kwa ncha ya kalamu
chuma kinaishia wapi, mimi naanzia wapi,
kalamu ikatangatanga, akaifunika.

Jana nilipanda hadi kwenye tanuri la zamani,
polepole, bila mkongojo.
Nikakaa nikisubiri ile hodi ya ndani.
Kimya.
Mwenye nyumba hapigi hodi.

Nyumbani Sekela kanikabidhi birika:
ukoko mweupe umejaa mpaka mdomoni,
nikwangue, ama chai nikanywe kwa jirani.
Nimeshika kisu.
Mkono unasita.