Ya Muda Tu

Saa tisa na dakika arobaini usiku, Oulu.
Dirisha limeota manyoya ya baridi
na programu ya barafu imegoma.
Haikupiga kelele. Imeacha mstari mmoja:
maktaba haionekani.

Haionekani vipi? Mimi naiona.
Imelala palepale, /opt/meri/lib,
uzito wake naujua, tarehe yake naijua,
ruhusa zake ziko wazi kama mlango wa msiba.
Lakini mpagazi wa mfumo hatafuti kwa macho yangu.
Ana milango yake ya kubishia hodi:
kwanza ile aliyonong'onezewa na aliyemtuma,
kisha iliyomo katika daftari lake la anwani,
mwisho /lib na /usr/lib, nyumba za ukoo,
na huko wakimkosesha, anatua mzigo, anakwenda zake.

Ijumaa tulimuaga Taisto Keränen.
Keki ya karoti, saa ya ukutani, hotuba fupi.
Akarudisha funguo saba, nikazihesabu.
Wa nane hatukuujua.
Na usiku huu, saa sita kamili,
akaunti yake ikajifunga kama ilivyopangwa.

Meli mbili za mbao zinangoja ramani nje ya Kemi.
Nahodha wa meli ya kuvunja barafu amepiga simu mara mbili,
ya pili hakusalimu.

Cha uvunguni hakiji chenyewe. Nikainama.
Nikafukua nyumba yake, faili baada ya faili,
hadi ile yenye nukta mbele, isiyojionyesha kwa wageni,
na humo, mstari wa arobaini na moja,
LD_LIBRARY_PATH, njia nzima,
na pembeni maneno matatu: ya muda tu.
Machi, 2011.

Kumbe miaka yote hiyo
mashine haikuijua njia.
Kazi za usiku zilikwenda kwa jina la Taisto,
zikisoma faili ya Taisto,
na sisi tukasema, mfumo ni imara.

Nikampigia. Alikuwa macho.
Akacheka hadi akakohoa.
"Nilikusudia kuirekebisha Jumatatu."

Ningeweza kuunakili mstari wake nyumbani kwangu.
Ungefanya kazi. Dakika moja, kisha kahawa.
Nikaandika njia ileile ndani ya /etc/ld.so.conf.d,
pa wote, kwa jina la kazi si la mtu,
nikaita ldconfig ipange upya daftari la mpagazi.
Haikujibu kitu. Ndivyo inavyokubali.

Saa kumi na robo ramani ikashuka,
kijivu, samawati, kijivu,
na ufa mwembamba wa maji kuelekea Kemi.

Ningekwenda kulala.
Badala yake nikafungua faili yangu mwenyewe,
ile yenye nukta mbele.
Mistari sita.
Wa kwanza una tarehe ya mwezi nilioajiriwa,
na maelezo, kwa mkono wangu, yaleyale matatu.

Nje, gari la kusukuma theluji lilikuwa linapita.
Jumatatu ilikuwa imeanza.