Swali la Nne

Taa ya sola imeanza kufifia
na bado nina madaftari kumi na moja.
Kidato cha Nne B, jaribio la Fasihi.
Swali la nne nililitunga mwenyewe, nikajisifu:
"Matabaka si jambo la kufikirika.
Jadili kwa mifano. Alama kumi na tano."

Wengi wamenirudishia ubao wangu,
tabaka la juu, tabaka la chini, nukta.
Mmoja ameandika "matambaka" mara saba
nikakosa moyo wa kumkata saba.

Kisha daftari la Zamda Nampunju,
limejaladiwa kwa mfuko wa salfa,
vumbi la njano bado limo kwenye mikunjo.
Tangu Oktoba ianze nimemwandika mtoro
siku kumi na nne, kwa wino mwekundu.

Anaandika:

*Mwezi wa pili mvua ilikuwepo, chakula hakikuwepo.
Tulichimba ming'oko mpaka tukavuka mpaka wa shamba la watu.
Mama akaenda kwa mtu mwenye mshahara.
Akapewa shilingi elfu arobaini na debe la unga.
Hawakuandikiana. Mtu yule alisema,
mimi na wewe, mama, tuandikiane nini?
Mama akarudi anatabasamu, akaona ameheshimiwa.*

*Sasa ni msimu. Mtu yule amekuja na bakuli.
Anasema bakuli ni kilo.
Nililipima kwa mizani ya chama, karani alipokwenda kuswali.
Ni kilo na nusu, na hapo sijalijaza kilima
kama anavyojaza yeye.
Mikorosho aliipanda babu. Tunaokota chini yake
kama vibarua, tunaogopa hata kutafuna moja.
Zikifika ghalani zinaandikwa jina lake, daraja la kwanza.
Zilipokuwa zetu hakuna aliyeziita daraja lolote.*

*Kwa hiyo matabaka si ngazi, kama tulivyofundishwa.
Ngazi mtu anaweza kupanda.
Haya ni bakuli: likijaa huku
kuna mahali pamepungua, na pana mwenyewe.*

*Mtu yule simtaji jina, kwa sababu mwalimu alisema
mfano mzuri haumtaji aliye hai.*

Nikaweka kalamu.

Bakuli liko jikoni, la samawati,
mke wangu anachekechea unga.
Nililipasha juu ya mkaa, usiku, peke yangu,
nikalisukuma kwa kitako cha chupa
mpaka plastiki ikalainika, tumbo likafutuka.
Nilipomaliza nililipuliza lipoe
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Mimi si tajiri. Ningependa hilo nalo liandikwe.
Pikipiki ina deni, mshahara huingia umeshang'atwa,
na hapa Newala maji nanunua kwa dumu kama yeyote.
Baba yangu alikuwa mbanguaji.
Mafuta ya ganda yalimla vidole vikawa vyeusi,
havikuacha alama kwenye karatasi ya kura
wala kwenye fomu yangu ya kujiunga na chuo;
walimwambia abonyeze tena, mzee, bonyeza tena.
Nilisoma kwa vidole vile.
Nilimwapia. Sikumbuki vizuri nilimwapia nini.

Jumatatu atakuwa darasani, au hatakuwa.
Kama atakuja atakaa dawati la nyuma,
atasema shikamoo mwalimu,
nami nitasema marahaba
kwa sauti ile ile niliyomwambia mama yake
tuandikiane nini.

Haya. Mwongozo wa usahihishaji ninao.
Hoja: zipo. Mifano: ipo, tena hai.
Lugha fasaha. "Mtu yule" limerudiwa mno.
Hitimisho halipo,
lakini hilo sikumfundisha.

Taa imezima nikiwa nimeshaandika kumi na tatu.

Nimekaa gizani nasikia ungo unachekecha,
najiuliza zile mbili
nimezipeleka wapi.