Gaeni

Kwetu, kilimani Tobe, hapakuwa na bakuli zima.
Yaliyonyooka yalishuka mjini kwa lori la Jumanne,
yamefungwa kwa mabua ya mpunga, kumikumi.
Yaliyobaki yalikuwa yetu:
lenye tone la chuma kama baka shavuni,
lililoinama upande kama mtu anayedukua ukutani,
na kisahani ambacho nili ilikimbia motoni
ikaacha jani bila shina.
Ndimo mlemle tulimolia wali.

Kulia, nasema, kwa maana ya kula.
Ile maana nyingine ilikuwa ya mama,
na aliifanya akiosha vyombo,
zile siku tanuri lilipofunguliwa
na baba akatoka mikono mitupu, akisema:
"Jiwe limekataa."

Maana baba, Kaneyoshi, hakufinyanga udongo, alifinyanga jiwe.
Lilipondwa, likasagwa, likachujwa hadi likawa maziwa,
maziwa yakaganda, naye akayakanda
kwa viganja viwili, kama anayemwamsha mlevi.
Kisha gurudumu. Kisha asisemeshwe.
Gumba ndani, vidole vinne nje,
ukuta ukapanda,
si ule mwembamba unaoonyesha kivuli cha kidole,
bali mnene, wenye nyonga.
"Chombo cha kila siku," alisema,
"kistahimili kuoshwa na mtoto mwenye haraka."
Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Jirani yetu Okaji, akilewa, alitania
kwamba mabakuli yetu yaliumbiwa wanandoa:
unamrushia mumeo, linamkosa, linabingirika,
jioni mnapakulia humohumo.
Mama hakurusha. Mama alipaka.
Brashi moja, pumzi moja, mtambaazi mmoja wa nili
ukizunguka chini ya mdomo.
Wenzake karakanani waliuanza kushoto.
Yeye alikuwa na shoto; kila mmoja aliuanza kulia,
hivyo mitambaazi yake ilikwenda kinyume na ya dunia nzima.
Mwenye duka alilalamika mara moja. Kisha akazoea.

Niliolewa Niihama, nina miaka ishirini na minne.
Asubuhi ya kwanza mama mkwe, Bi Fusae, aliniandalia:
supu ya miso, nusu samaki wa chumvi,
achari ya figili, wali unaofuka.
Nikainua bakuli. Halikuinama popote.
Halikuwa na baka. Mdomo wake
mviringo kama hesabu iliyokubali.
Nikalionea haya, kama unavyomwonea haya
mtu aliyevaa vizuri kukupita.
Nikala hadi punje ya mwisho, ndivyo tulivyolelewa,
nikaligeuza kwenda kuliosha,
na pale, chini ya mdomo,
mtambaazi ukitambaa kinyume.

"Hili mlilipata wapi?"
"Lipi? Hilo? Hilo la siku zote.
Tulinunua matano karibu na stesheni, mwaka wa mafuriko.
Limebaki hilo, na la paka."

La paka.
Nilicheka kwanza. Kisha sikuweza kuliweka chini.
Maji ya bomba yalijaa, yakamwagika, yakajaa,
nami nimeshika ule unene, ile nyonga,
alama ya gumba la baba ndani ya kitako
ambayo ung'aro haukuifuta, umeikalia tu
kama barafu juu ya unyayo.
Miaka yote hiyo mama alinipakulia kwenye vilema vyake,
na watu wasiojua jina lake,
na paka,
wamekula kwenye uzima wake, kila siku, bila kutazama.

Jioni nikampigia simu.
Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye mtambaazi.
Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia vyombo
vikigongana ndani ya maji.
"Lina ufa?"
"Halina."
"Supu inakaa na moto?"
"Inakaa."
Akanyamaza tena, kwa muda kuliko ile gharama ya simu.
"Na la paka?" akauliza.