Fundo la Taitai

Bado nafunga mafundo, Mize, hata huku Isyonje.
Jana nilifunga gunia la viazi kwa fundo lile lile,
la kubana shina la mwani bila kulivunja,
na mama mkwe Tusekile akacheka:
gunia hili lina shingo gani ya kuumia?
Sijui kufunga vinginevyo.

Ulipiga simu maji yametoka,
nikasikia miguu yako ikichapa tope.
Ukasema mwani umeota weupe,
ncha zakatika mkononi kama chaki,
kaskazi ya mwaka huu imeyachemsha maji
mpaka kaa wamehama.
Kamba arobaini, na kumi tu ndizo zenye kitu.
Wenzako wanahamishia zao kina kirefu,
ukanyamaza kidogo,
na mie najua: hujui kuogelea.

Nikuambie nini, dada?
Julai ile, usiku mmoja mbingu zikiwa tupu,
barafu ilishuka juu ya viazi vyangu kimya kimya.
Alfajiri majani meusi,
kama yamemwagiwa maji ya moto.
Nilishika moja, likalegea kwenye vidole
vile vile ulivyolegea mwani wetu mwaka nilioolewa.
Nilisimama hapo nimejifunga blanketi
nisijue niilaumu baridi au joto.

Halafu anakuja dalali wa Uyole
na gunia lake la lumbesa,
gunia lenye kilemba, kilemba chenye kofia,
naye analiita moja.
Wako anakuja na mizani ya kuning'iniza,
anaminya mwani, ananusa, anasema bado una maji.
Ungewaona wote wawili
ungedhani wamenyonya ziwa moja.

Unamkumbuka bwana yule wa kampuni,
viatu vyake vyeupe, anatuambia mwani huenda ng'ambo
ukageuzwa ute wa kuishikilia dawa ya meno?
Tulicheka hadi tukaangusha vikapu.
Basi leo, maji ya ndoo yakiuma kama siafu,
nimeikamua dawa juu ya mswaki.
Ikasimama. Haikumwagika.
Nikaitazama muda mrefu, Ambakisye anagonga mlango,
nami nauliza povu: huyu ni Mize,
au ni mie, wa bamvua gani?

Nawe jioni ukinunua urojo,
kikikujia kiazi kikavu, cha kumumunyuka,
chenye harufu ya mbali ya majivu ya mlima,
usikimeze haraka.

Mvua za pili zimekuja kwa kuchelewa.
Tumepanda tena. Matuta yamekingama mteremko,
mstari na mstari, pengo kwa pengo,
na asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni
ukiyafunika moja moja, la chini kwanza.
Nikiuona, mikono inaenda mbio yenyewe,
nafukia, nasogea, nafukia, sinyanyui kichwa.
Tusekile ananiuliza nakimbilia wapi,
shamba halizami.

Usiwaambie watu wa Jambiani.
Nilipojitazama, nilikuwa nimepandisha kanga
mpaka juu ya magoti,
kwenye udongo mkavu.