Sekunde Nne

Mwongozo ulisema: usimwulize mtu jinsi anavyosema,
msikilize akisema na mwingine.
Basi nikakaa soko la Kenya
(mtaa wetu huo wa Lubumbashi, wala si nchi)
juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya meza ya Mama Ngoie,
kinasa sauti kikilala kwenye gunia la vinkubala vikavu
kama kinda lililodondoka kiotani.

Siku ya kwanza hakikunasa kitu.
Yaani kilinasa wateja wamevaa Kiswahili cha Jumapili,
kimepigwa pasi, kina tai shingoni:
"Samahani mama, naomba unipimie meka moja,"
na Mama Ngoie, aliyewahi kumfukuza askari
kwa tusi moja tu la Kisanga,
akijibu kama msoma taarifa ya habari.
Kijitaa chekundu ndicho kilichokuwa kikisema.

Siku ya tano kijitaa walikisahau.
Mvua ikapiga mabati, deni likadaiwa,
mtu akaanza sentensi kwa Kifaransa, akaivunja kwa Kibemba,
akaimalizia kwa hicho tunachoongea sisi, kisicho na kamusi:
"Kesho njo nitalipa, batu bote ba hapa bananijua."
Nikaandika saa na dakika.
Nilifurahi kama mwizi.

Ikabaki fomu.
Swali la saba: nyumbani unatumia lugha gani?
Kisanduku kimoja.
"Nyumbani na nani?" akauliza yeye.
Na mume, au na mama wa mume?
Na mtoto aliyefaulu, au na yule anayeumwa?
Na mwenye nyumba, mwisho wa mwezi?
Nikampa kalamu. Akachora mkia kutoka kwenye kisanduku
hadi ukingo wa karatasi, ukavuka, ukaishia gotini pangu.

Swali la tisa lilikuwa jepesi, la takwimu tu.
Watoto wangapi?
"Batano," akasema.
Ukapita mkokoteni.
"Bane."

Usiku, Katuba, umeme ukija na kuondoka
kama shemeji asiye na haya, nanukuu.
Dakika moja ya sauti hula saa nzima ya mtu.
Kila pumzi ina alama yake:
nukta pacha kwa irabu iliyovutwa,
mshazari kwa aliyekatizwa,
mabano kwa kimya, na ndani ya mabano tarakimu.
Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Batano (4.0) bane.
Gurudumu linalia, kwa mbali mtu anataja bei ya sombe,
na zaidi ya hapo hakuna kitu, hata nikiongeza sauti
mpaka jirani agonge ukuta.

Profesa Kabamba alipiga mstari pembeni kwa wino wa kijani:
msemaji anajisahihisha, mfano safi, uingize sura ya tatu.
Akauliza pia kama nina hakika ni ba-, si wa-.
Nina hakika.

Nilirudi sokoni mikono mitupu,
maana karatasi ya ridhaa aliyotia sahihi
ilitaja maneno yake,
haikutaja kilichokaa katikati ya maneno.
Nikamsomea ukurasa. Alisikiliza akipima unga,
akisawazisha meka kwa ubavu wa kiganja.
Nilipofika pale nikasita,
na kusita kwangu nako, nadhani, kulikuwa kama sekunde nne.

"Ulihesabu?"
Nikasema ndiyo, ndiyo kazi.
"Kwa saa?"
Kwa saa.
Akafunga mfuko wa mteja, akarudisha chenji, akahesabu noti mara mbili.
"Andika batano," akasema.
"Ile ingine ilikuwa ya serikali."

Kwenye jedwali nimeandika 5.
Sura ya tatu bado inatafuta mfano.