Ubao wa Majina Kumi na Moja

Nimesimama Zanderij na kipande cha boksi,
majina kumi na moja kwa wino mzito.
Mawili nimeyakosea, najua;
orodha ilinifikia usiku
na miwani yangu imefungwa kwa uzi.

Mlango wa ndege unafunguliwa.
Hapo ndipo huwa nawatazama:
kile kigugumizi cha mguu kwenye ngazi ya kwanza,
hewa inapowakumbatia kama shangazi mnene
ambaye hawakuambiwa kwamba yupo.
Kijana mmoja kavua miwani, imejaa ukungu.
Akaifuta. Ukungu.
Akaifuta tena.
Bwana mdogo, utaifuta hadi Jumapili.

Wametoka Groningen, wanasomea miti.
Wana mabuti mapya, dawa za mbu za aina nne,
na mwalimu, Bi Hiddema, anayewahesabu
kama kuku aliyenyakuliwa kifaranga mwaka jana.
Kumi.
Kumi.
Kumi na mmoja, alikuwa chooni.

Kwenye basi wanapanga foleni upande usio na mlango.
Kila mwaka. Nasubiri, sisemi.
Ni starehe yangu ndogo.

"Msitu unaanzia wapi?" ananiuliza Fenna,
kakaa mbele, daftari gotini,
na mimi na usukani wangu nakosa jibu,
maana tangu ule mlango ufunguke tumo.
Kesho atakuta ukungu wa kijani
umeota kwenye mkanda wa begi lake.
Namwambia: bado kidogo.

Mvua ya huku haipigi hodi.
Imetukuta kwenye barabara ya Afobaka
madirisha yote wazi, simu zote nje,
ikawaogesha watoto wa watu na vitabu vyao
na vumbi jekundu la boksiti likawa uji.
Walicheka. Hata Bi Hiddema, kwa sekunde mbili hivi.

Brownsweg nimesimamisha basi wanyooshe miguu,
nikawapeleka hadi ukingoni mwa ziwa.
Wakanyamaza.
Miti iliyokufa kabla mimi sijazaliwa
imesimama majini, mieupe, mingi,
kama watu walioambiwa wangoje
na aliyewaambia akaenda zake.

Jorrit ndiye aliyeuliza: ni miti gani?
Huu walaba, nikasema. Ule kopi.
Ule wenye tumbusi wawili
ulikuwa karibu na mlango wa jiko la mama yangu.

Mama alinionyesha kwa kidole, mara moja,
tukiwa ndani ya mtumbwi, mashine imezimwa.
Labda alikosea. Maji hayana vichochoro.
Walijenga bwawa, wakapata umeme,
sisi tukapata nyumba za mbao zilizopangwa kwa rula
na taa, baadaye. Baadaye sana.

Fenna anageuza fomu yake huku na huku.
Ina safu ya jina, ya kimo, ya kipenyo.
"Hili la jiko niliandike wapi?"
Sikujua. Akaliandika pembeni,
herufi ndogo, zimebanana na shimo la faili.

Usiku kambini tumekula mkate wa muhogo na supu ya karanga.
Pilipili iliwaliza watatu.
Halafu ng'ambo ya mto nyani wekundu wakaanza kunguruma
na Jorrit akatoka kwenye machela yake mbio,
kiatu kimoja, tochi mdomoni:
"Bwawa limepasuka?"
Ni nyani, nikamwambia. Mkubwa wao hamfikii mbwa wako.
Bwawa lilikwisha fanya lake.

Hakurudi kulala. Alikaa nami penye moto,
akauona ule ubao nilioukalia,
akacheka, akaomba kalamu,
akasahihisha jina lake: *r* mbili, si moja.
Kisha akaniuliza langu linaandikwaje.
Nikamtajia, polepole, mara mbili.

Akaliandika chini ya yote.
Akakosea.
Nikaliacha hivyo hivyo.