Mbili kwa Soli Tano

Sikukuu ya mtakatifu wa Uchuypampa, siku ya tatu,
matarumbeta yamelewa kuliko wapigaji wake,
na mimi, niliyepanda huku milimani
kumwomba anayenidai mwezi mmoja zaidi
(alisema atakuwa karibu na mnara wa fataki; hakuwapo),
nikajikwaa kwenye turubai la buluu.

Dividii zimelala chali, kila moja na shuka lake la nailoni:
ngumi, mapenzi, mazombi, maisha ya watakatifu,
harusi ya meya wa mji wa jirani, hiyo nayo inauzwa,
na pembeni, chini ya jiwe ili upepo usiichukue,
filamu yangu.

Jina ni lake. Sura si yake.
Jaladani kasimama jamaa mwenye bastola mbili
na kifua kilichopakwa mafuta.
Kwenye filamu yangu hakuna bastola.
Kuna mwanamke, kuna alpaka kumi na mmoja, kuna baridi.
Miaka minne. Ng'ombe wawili wa mama.
Kamera ya kuazima iliyozimia kila jua likichwa.

"Hiyo chukua, baba," akasema mwenye turubai,
Eudosia, jina limedariziwa kwenye aproni,
shavu moja limevimba majani ya koka.
"Hiyo inaliza. Nimeitazama mara sita,
na mara zote sita viazi vimeniungulia."

Nilikuwa na hotuba, jamani! Ya jasho na haki,
ya mwizi na siku zake arobaini,
nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea.
Badala yake nikauliza: "Bei?"
"Soli tatu. Mbili kwa tano."
Nikaomba apunguze.
Mungu anisamehe, niliomba apunguze.
Akakataa. Nikalipa.

Akawasha kijiruninga kinachonyonya betri ya lori, nihakikishe.
Ndiyo yenyewe. Ukumbi wa manispaa, usiku wa kwanza:
kichwa cha mtu kinakatiza mlima kwenda msalani,
mtoto analia, mtu anakohoa,
kikohozi changu. Nilikuwa safu ya tatu.
Mwizi alikaa nyuma yangu, kimya kabisa,
na mimi nikadhani ni mtu aliyeguswa.

"Ila mwisho haumo," Eudosia akasema,
kama anayekiri kwamba gunia lina panya.
"Anateremka mtoni, anavua viatu,
anaingia mpaka hapa," akagusa kiuno, "basi, giza.
Wateja wanarudi. Hawadai pesa. Wanauliza:
je, alivuka?
Bibi mmoja ametembea saa nne kuja kuniuliza.
Nimjibu nini? Mimi nauza tu."

Mwisho upo. Niliuandika mimi.
Mto unamchukua. Kiatu kimoja kinabaki juu ya jiwe,
dakika mbili nzima, bila muziki.
Gazeti moja la mjini liliusifu kwa mistari miwili;
nimeikata, ninayo kwenye pochi.

Fataki ya kwanza ikapasuka.
Mbwa wa mji mzima wakaingia chini ya meza moja.
"Alivuka," nikasema.
"Umeiona yote?"
"Nimeiona."
"Na viatu je?"
Hapo sikuwa nimejiandaa.
"Alivirudia. Kesho yake,
maji yalipopungua."

Eudosia akayatema majani taratibu kiganjani,
akayatazama kwa muda.
Kisha akanirudishia soli moja
na kumgeukia kijana aliyekuwa akipekua mazombi:
"Wewe, ziache hizo. Chukua hii.
Mwishoni anavuka.
Na viatu anavipata."